Naomba ushauri: nataka kupeleka stori na picha kwenye jarida la safari

Wakuu habari zenu, niko Tanga hapa, naombeni mwenye uzoefu anishike mkono. Mwezi uliopita tulitoka Pangani na ngalawa hadi Maziwe, kile kisiwa cha mchanga mtupu ambacho bamvua kubwa likija, yaani maji ya bahari yakijaa sana, kinafunikwa chote, nikapiga picha nyingi, kuna moja nahodha kachutama anafua maji yaliyoingia chomboni kwa kopo na nyuma yake mchanga ndo unaanza kuibuka, hiyo naipenda mno. Sasa kuna jarida la Afrika Mashariki la mambo ya milima na kupiga mbizi nataka niwapelekee.

Niandike stori nzima kabisa au niwatumie kwanza wazo la aya mbili tatu na picha chache ndogo? Mwaka jana kuna watu niliwatumia picha zote kubwa kubwa bila makubaliano, nikaja kuziona zimetumika, jina langu hakuna wala senti tano, iliniuma sana jamani.

Haki za picha mnaandikianaje? Na yule mzee nahodha, ruhusa ya mdomo inatosha? Nimekula samaki kwake, sitaki uso wake uuzwe yeye hajui.