Naomba ushauri: kalamu ya pistoni au ya konveta?

Ndugu wanachama, nawasalimu kutoka Bukavu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kila jioni husahihisha madaftari kwa kalamu ya wino ya Lamy Safari yenye konveta (kifaa kidogo cha kuchomoa kinachovuta na kuhifadhi wino), ambayo haibebi hata mililita moja ya wino, hivi kwamba kabla sijamaliza rundo nibu huanza kukwaruza karatasi na kunilazimu kuinuka kutafuta chupa.

Sasa shemeji yangu anayerudi kutoka Ubelgiji yuko tayari kuniletea Pelikan M200, kalamu ya pistoni, mfumo ambao kampuni hiyo inautumia tangu 1929. Najua kwamba ukizungusha kitako chake wino huingia moja kwa moja ndani ya mwili wa kalamu, nayo hubeba zaidi ya mililita moja.

Kinachonitia shaka ni matengenezo. Konveta yangu ya kwanza ilipolegea, wino mwekundu ulitapakaa kwenye mfuko wa shati jeupe, tena siku ya mtihani (wanafunzi walidhani nimeumia), lakini niliichomoa, nikatia nyingine, kazi ikaendelea. Je, pistoni ikikaza au ikivuja, nani hapa kwetu ataifungua?

Mliowahi kutumia zote mbili, naomba mniambie: kwa mtu anayeandika kila siku, pistoni hukaa muda gani kabla ya kuhitaji grisi ya silikoni? Na kwa kuwa nibu ya M200 hufunguliwa kwa kuizungusha, je, hilo linatosha kurahisisha usafishaji ninapohama kutoka wino mwekundu kwenda wa bluu?