Ovaroli ya mtumba ya mbio za magari: je, bado inazuia moto?

MsomaRamani_Kalenga

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni msoma ramani katika gari la rali hapa Iringa, na tunafanya mazoezi katika barabara za vumbi zinazopita kwenye misitu ya Mufindi, ambako gari likipinduka na kushika moto, msaada uko mbali. Hivi karibuni nilinunua ovaroli ya mtumba sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Nyuma ya ukosi imetariziwa FIA 8856-2000, yaani kiwango cha mavazi ya kuhimili moto cha shirikisho la kimataifa la magari, na lebo ya ndani inasema Nomex. Kwa bahati mbaya ilifuliwa kwa jiki ili madoa ya grisi yatoke, ikaanikwa juani, kisha kiwiko kilichochanika kikashonwa kwa uzi wa kawaida. Je, kinga yake bado ipo?

Mzee_wa_Gereji_Uyole

Ndugu yangu, kwanza tofautisha aina mbili za kitambaa. Nomex, iliyobuniwa na kampuni ya DuPont ya Marekani na kuingia sokoni mwaka 1967, ina uwezo wa kuhimili moto ndani ya uzi wenyewe: haiyeyuki wala haidondoki, bali hugeuka mkaa na kuwa nene kidogo, na unene huo ndio unaochelewesha joto kufika mwilini. Pamba iliyotiwa dawa ni jambo jingine, kwa sababu dawa inaweza kupungua ikifuliwa vibaya. Kwa hiyo jiki haikuondoa kinga ya Nomex yako, lakini imedhoofisha nyuzi, na jua kali nalo hufanya hivyo hivyo. Mimi ninaogopa zaidi grisi iliyobaki, maana hiyo huwaka juu ya kitambaa hata kama kitambaa chenyewe hakiwaki.

Elewa pia kwamba ovaroli inakununulia sekunde tu. Kiwango cha 8856-2000 kinadai kwamba, mwali ukielekezwa kwenye ovaroli, zipite angalau sekunde 11 kabla joto la upande wa ndani halijapanda kwa nyuzi 24 za Selsiasi. Kile cha 2018 kinadai sekunde 12. Romain Grosjean, dereva wa Formula One, alikaa ndani ya moto takriban sekunde 28 kule Bahrain, tarehe 29 Novemba 2020, akatoka hai, na majeraha yake ya moto yalikuwa mikononi. Usidhani ovaroli peke yake inatosha: fulana na suruali ya ndani, soksi, glavu na kifuniko cha kichwa vyote viwe vya kuhimili moto. Nimewaona vijana wakivaa fulana ya poliesta chini ya ovaroli nzuri kabisa, na jambo hilo linanisikitisha, kwani joto likipenya, poliesta huyeyuka na kugandamana na ngozi.

FundiCherehani_Mwanjelwa

Kaka, mimi nitazungumzia kiwiko. Uzi wa kawaida wa cherehani mara nyingi ni poliesta. Ukiyeyuka, mshono unafunguka na moto unapata mlango. Fumua kipande kidogo cha uzi huo, ushike kwa koleo mbali na petroli, kisha uuwashe. Halafu fanya vivyo hivyo kwa uzi wa mshono wa kiwandani, kutoka sehemu ya ndani isiyobeba uzito. Marekebisho hayo yashonwe kwa uzi wa aramidi, yaani jamii ya nyuzi za kuhimili moto kama Nomex, na hata hivyo mkaguzi wa mashindano anaweza kuikataa ovaroli iliyoshonwa mtaani, wala msimlaumu. Katika kufua, tumia sabuni laini na maji ya uvuguvugu, acha kilainishi cha nguo, igeuze nje ndani na uianike kivulini.

MsomaRamani_Kalenga

Asanteni sana, mzee wangu na fundi. Jioni hii nimejaribu juu ya sahani ya bati. Uzi wa kiwandani uligeuka mkaa na kuzimika mara nilipoondoa kiberiti. Ule wa kiwiko ulijikunja, ukayeyuka na kuacha tone jeusi, gumu, lililonata kwenye sahani. Nimeufumua wote, na sitaingia garini na ovaroli hii mpaka nipate uzi unaofaa na glavu za kweli.