Hizi alama za wahakiki wa albamu mnazichukuliaje?

Gitaa_Kavu: Wakuu, naombeni mwanga. Albamu ya Fetch the Bolt Cutters ya mwimbaji Fiona Apple ilipotoka Aprili 2020, Pitchfork, wale wahakiki wa muziki mtandaoni, waliipa 10 kamili. Nimeisikiliza jana usiku kwa hedifoni: mbwa wanabweka, vitu vinagongwagongwa, halafu piano inajiendea zake. Mimi nimezoea roki ya gitaa linalounguruma. Hiyo kumi imetoka wapi?

FundiSpika: Mkuu, huyo dada alirekodi sehemu kubwa nyumbani kwake Venice Beach, kwa hiyo mbwa ni wa kweli. Wahakiki walipendea hapohapo, kwamba hajaipiga pasi. Anza upya na wimbo wa kwanza, I Want You to Love Me. Fuata piano na sauti yake inavyokwaruza mwishoni. Alama weka pembeni.

Kaseti_Kuukuu: Kwanza alama zenyewe zinabadilika. Albamu ya Discovery ya kundi la Daft Punk, mwaka 2001 hao hao Pitchfork waliipa 6.4. Mwaka 2021 wakaipandisha hadi 10! Mwimbaji Liz Phair naye albamu yake ililambwa 0.0 mwaka 2003, baadaye wakaipa 6. Albamu ni zilezile, hakuna aliyeongeza hata noti. Mimi nasoma maelezo, namba naziruka.

Gitaa_Kavu: Sifuri kabisa? Duh. Basi leo narudia huo wa kwanza, ila nikichoka narudi kwa magitaa yangu.

FundiSpika: Poa, ila usisikilizie spika ya simu, tafadhali.