Paketi ya kusoma prosesa inakufa kabla haijasoma prosesa, huu ni utani au?

Wakuu, leo sina salamu.

Nina kibanda cha kompyuta hapa Moshi, Majengo. Juzi mwalimu mmoja kaniletea mashine 12 za mtumba, i5 za kizazi cha tatu, zile za 2012. Kazi yenyewe ndogo: niziweke Linux, halafu niandike kaprogramu ka kuorodhesha kila mashine ina prosesa gani, kori ngapi na inaweza nini. Nikamwambia njoo Ijumaa.

Kuna laibrari (msimbo ulioandikwa tayari, wewe unauita tu kwenye programu yako) ya bure ya kazi hiyo, inajinadi kwamba inakubali Linux, Windows na Mac. Nikashusha paketi iliyokwisha kukompailiwa, nikaita. Skrini ikatoa ujumbe wa amri haramu (illegal instruction), yaani prosesa imepewa amri isiyoijua, programu chali. Mashine ya pili, chali. Ya tatu, chali. Mpaka RAM nimebadilisha jamani, nikahisi mzigo mzima mbovu.

Saa nne usiku nikafungua gdb, zana ya kukagua programu iliyokufa, nione imefia wapi. Mshale umesimama kwenye shlx. Hiyo ni amri ya BMI2, kundi la amri za ziada za prosesa, na kwa Intel ilianza na Haswell, kizazi cha nne, 2013. Hizi zangu ni Ivy Bridge, kizazi cha tatu! Yaani jamaa aliyeitengeneza laibrari kakaa kwenye mashine yake mpya, kakompaili na -march=native (tumia kila kinachowezekana kwenye mashine hii hii), kompaila ikajaza amri za prosesa YAKE, kisha akafunga paketi na kuandika nje x86-64, jina la familia nzima ya prosesa za biti 64 za Intel na AMD, kana kwamba ni ya kila mtu.

Sasa hii laibrari kazi yake ni nini? Ni kuiuliza prosesa, kwa CPUID (amri ya prosesa kujieleza yenyewe), "wewe unaweza nini?" Ndiyo hiyo hiyo inatumia kitu bila kuuliza kama kipo. Mtu anaingia mpaka chumbani, hodi anapiga akiwa ameshalala kitandani.

Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja yenye prosesa ya ARM badala ya Intel, ndiyo hata sitaki kuizungumzia. Laibrari inatafuta jina la modeli ya prosesa kwenye /proc/cpuinfo, faili la Linux la taarifa za prosesa, wakati kwa ARM ya biti 64 prosesa pale inatambulishwa kwa namba za kificho, 0x41 na 0xd08, si kwa jina. Inarudi mikono mitupu.

Nikamwandikia jamaa kwa adabu zote. Jibu lake: mashine hizo zimepitwa na wakati, nunua mpya. Nunua! Nusu ya mji huu tunavaa mitumba ya soko la Kiborloni na hakuna aliyetembea uchi.

Jumamosi nikashusha msimbo wenyewe, nikakompaili kwa -march=x86-64, yaani amri za msingi tu ambazo kila prosesa ya familia hiyo inazijua. Dakika mbili, zote 12 zikaitika. Dakika mbili, wakuu! Ila mwalimu alishakuja Ijumaa, akakuta mashine ziko wazi meza nzima na RAM zimetapakaa, akaniuliza fundi, ulikuwa unatengeneza au unachinja? Sasa anataka nimpunguzie bei.