Wa Uani Njoro: chakula cha Jumamosi

*JUMATATU*

Mama Neema 19:12
Habari za jioni wapendwa. Jumamosi ndiyo hiyo inagonga mlango. Jeska anapanda kutoka Dar na mumewe, hajakanyaga Moshi tangu tumzike Mama Oliva. Tunakula pamoja kwangu Rau, saa moja usiku. Nimehesabu vichwa 26 na watoto. Naomba tupange chakula LEO, siyo Ijumaa usiku kama tulivyozoea.

Mama Neema 19:15
Nilivyofikiria mimi: mtori wa kuanzia, pilau, mbuzi wa kuchoma, machalari, mchicha wa karanga, kachumbari, ndizi mzuzu za kukaanga, tikiti na parachichi. Mchango 25,000 kila nyumba, nitumiwe kabla ya Alhamisi.

Mama Neema 19:48
Naona mnasoma.

Mama Neema 20:31
Jamani hata dole gumba?

Mangi 20:33
👍🏾

Mama Neema 20:33
Asante Mangi. Bado nyumba 10.

Mangi 20:35
Mbege je? Umekumbuka tikiti ukasahau mbege. Jeska atajuaje kwamba amefika nyumbani?

Mama Neema 20:38
Mbege ya kupika wenyewe tumeshachelewa. Ndizi zilitakiwa ziwe zimeshaiva, zimechemshwa na ziko kwenye pipa zinachacha. Na ulezi uwe umeota, umekauka, umesagwa. Leo Jumatatu. Labda tuagize kwa yule mama wa Kibosho.

Baba Happy 20:41
Yule wa msesewe mwingi? Nilipiga kata moja uso ukakunjamana mpaka kesho yake 😂

Mangi 20:42
Uchungu ndiyo mbege yenyewe mbe. Asiyetaka uchungu anywe togwa.

Baba Happy 20:43
Mimi na kisukari hiki bora maji tu. Mama Neema, pilau nitaonja, ila niwekee mboga za majani nyingi. Mnafu ukipatikana nitashukuru sana.

Mama Neema 20:45
Mnafu umeingia. Nani anajua mchele wa Mabogini uko bei gani wiki hii? Nataka kilo 6, ule wa zamani, usioshikana.

Mama Neema 21:30
Haya. Usiku mwema.

*JUMANNE*

Mama Brighton 07:02
Shikamooni wakubwa, habari za asubuhi wengine. Samahani nimechelewa kusoma. Mchicha wa karanga naomba tuutoe. Brighton akila karanga anavimba midomo, anashindwa kupumua. Mwezi wa tatu alionja kashata kwa wenzake tukamkimbiza hospitali usiku.

Mangi 07:10
Karanga! Mnakumbuka karanga za biashara za Mama Oliva? Alikuwa anazianika juu ya bati, jioni zimepungua nusu. Baba Happy anaapa ni panya.

Baba Happy 07:11
Walikuwa panya!

Mangi 07:11
Panya mwenye viatu namba 9.

Mama Happy 07:14
Mume wangu, hata mimi niliona maganda mfukoni 😂😂

Jeska 07:20
Jamani nimecheka mpaka dereva wa bajaji amegeuka. Mama Oliva alijua bwana. Alikuwa ananiambia, "Mwache, ana njaa, mshahara wa reli haujatoka."

Baba Happy 07:24
Alijua?

Jeska 07:25
Alijua siku zote. Alikuwa anapima zaidi makusudi.

Baba Happy 07:31
Mungu ampumzishe yule mama.

Mama Brighton 07:40
Amina. Kuhusu karanga jamani? Hata mwiko uliokoroga karanga ukiingia kwenye chakula chake ni tatizo.

Mama Neema 07:52
Tutaangalia mpenzi. Tumalize mbuzi kwanza. Fundi Rama uko wapi?

Fundi Rama 12:15
Nipo dada, nilikuwa darini. Mbuzi niachieni mimi. Nitapita mnada wa Weruweru nitafute dume aliyenona, atoe hata kilo 12. Nitamchinja mwenyewe Jumamosi asubuhi ili kila mtu ale kwa amani.

Mangi 12:19
Damu ikingwe kwenye bakuli, kisusio nitapika mwenyewe. Huwezi kuchinja mbuzi Moshi ukamaliza bila kisusio. Baba yangu alikuwa anasema hiyo ndiyo salamu ya mbuzi.

Fundi Rama 12:21
Nikichinja mimi damu inakwenda ardhini, kaka. Hilo nakuomba usinishurutishe.

Mama Happy 12:26
Na sisi Wasabato damu hatuli, unajua.

Mangi 12:30
Sawa, siwashurutishi. Ila moyo unaniuma kidogo. Jumapili basi nitafute mwingine wa kwangu, anayetaka kisusio aje Kiboriloni.

Mama Happy 12:33
Mama Neema, kumbuka pia Jumamosi mpaka jua lizame mimi sishiki kisu. Siku hizi linazama kama saa 12 na nusu. Ununuzi wa Mbuyuni wa Alhamisi na Ijumaa mchana niachie wote, nitachagua mikungu miwili ya mshare mwenyewe. Ila kumenya na kupika ni nyie.

Mama Neema 12:36
Hakuna shida kabisa. Chagua iliyokomaa vizuri, ile changa mtori wake unakuwa na maji. Kumenya ni Jumamosi mchana, ziingie kwenye maji hapo hapo zisiwe nyeusi. Tupakane mafuta mikononi, utomvu wa mshare unajulikana.

Mama Happy 12:38
Na mtori upondwe watu wakiwa wameshakaa. Ukipondwa saa kumi na moja nitakuta umeganda, unakatwa kama ugali.

Mama Neema 12:40
Upondwe mwisho, mifupa yake iwe imechemka tangu saa nane. Hapo tumeelewana.

Mama Brighton 12:44
Na karanga?

Anko Dulla 12:50
Ujumbe wa sauti (2:13)

Mangi 12:53
Dulla andika bwana, nipo kwenye daladala.

Mama Neema 12:55
Anauliza kama kutakuwa na kiti moto. HAPANA. Nguruwe haingii kwangu, hata harufu yake. Nimenunua miiko mipya mitano pale Memorial. Sufuria zote nitazisugua kwa majivu na kuzichemshia maji. Sahani nitaazima mpya kanisani, bado zina karatasi.

Mama Neema 12:57
Na pilau nani mwingine kama si Bi Zuhura. Bi Zuhura shikamoo. Utatupikia mama?

Mama Neema 14:20
Bi Zuhura?

Bi Zuhura 16:05
Marahaba mwanangu. Nimeona. Magoti siku hizi hayanipi raha ya kukaa jikoni. Nitakuja kumsalimia Jeska, inshallah. Msijisumbue kwa ajili yangu, nitakuja na hotpoti yangu.

*(Hakuna aliyeandika mpaka saa moja usiku.)*

Mama Neema 19:02
Ujumbe huu umefutwa

Mama Neema 19:03
Ujumbe huu umefutwa

Mangi 19:10
Mama Neema umefuta nini, nimeona neno Pasua tu.

Mama Happy 19:11
Mangi, nyamaza kidogo.

Mama Neema 19:26
Nimesema miiko ni mipya. Nimesema sahani zina karatasi. Nimesema Rama ndiye atakayechinja. Sijui nifanye nini tena. Tangu mwaka ule kila nikiwaalika watu kwangu mmoja anakuja na hotpoti, mwingine ameshashiba alikotoka. Mkitaka afanye mtu mwingine, semeni tu.

Jeska 19:40
Dada, usiseme hivyo. Mimi nakuja kwenu wote.

Anko Dulla 19:58
Sikujua jamani. Niliuliza tu. Nisameheni.

Mama Brighton 20:15
Dada Neema pole. Sitaki kuongeza mzigo, ila naomba mtu anijibu kuhusu karanga, la sivyo Brighton nitamwacha nyumbani na bibi yake.

*JUMATANO*

Mwalimu 05:48
Amani kwenu nyote. Nimesoma tangu juzi mpaka mwisho.

Kwanza mtoto. Mama Brighton ameandika mara nne. Mkamjibu habari za panya na habari za mbuzi. Karanga zisivuke geti la ile nyumba, ziwe nzima, za kusaga, kashata au mafuta yake. Mchicha upikwe kwa nazi. Na mtoto aje. Hatuli sisi huku mtoto wa uani amefungiwa ndani kwa ajili ya mboga.

Pili, Zuhura. Mwaka 1994 mke wangu alipolazwa miezi miwili, wanangu watatu walikula kwenye sinia lako kila jioni. Niliporudi usiku nilikuta sehemu yangu imefunikwa kwa kawa. Hukuwahi kuwatengea wanangu pembeni. Nakusihi hiyo hotpoti iache Bondeni. Sina umri wa kukuangalia ukila peke yako kwenye meza yetu.

Tatu, Mama Neema. Lile la Pasua hukulifanya kwa kusudi. Najua mimi, na Zuhura anajua. Lakini hujamwambia kwa mdomo wako. Miaka sita umenunua miiko mipya. Hili halimalizwi kwenye simu. Nenda.

Mama Happy 06:30
Shikamoo Mwalimu. 🙏🏾

Fundi Rama 06:41
Shikamoo Mwalimu.

Mangi 06:55
Shikamoo Mwalimu. Mama Brighton nisamehe. Nilisoma ujumbe wako kweli, halafu Mama Oliva akanijia kichwani nikasahau kukujibu. Mchicha na nazi nitanunua mimi, na nitaukoroga mwenyewe.

Mama Brighton 07:03
Asante kaka. Asante sana Mwalimu. Brighton ameruka ruka hapa.

Baba Happy 09:15
Nimetuma 25,000 na nyingine 25,000. Ya pili ni ya karanga za Mama Oliva. Msinunulie karanga.

Jeska 09:17
😂 na machozi pamoja.

Mangi 13:40
Mama Neema? Kimya tangu jana.

Mama Neema 18:22
Nimetoka Bondeni sasa hivi.

Mama Happy 18:23
Oh.

Mama Happy 18:40
Vipi?

Mama Neema 19:05
Tumekunywa chai.

Mangi 19:07
Kwa hiyo hotpoti inakuja au haiji?

Mama Happy 19:07
MANGI.

Bi Zuhura 20:11
Mama Happy, ukiwa Mbuyuni kesho bizari usinunue. Ile ya kule siku hizi wanachanganya, haina hata harufu. Mimi ninayo niliyoikaanga na kuitwanga wiki hii, na iliki na mdalasini uliobaki kwenye mzigo wa Pemba. Nunua vitunguu maji kilo mbili na nusu, vile vyekundu vidogo, na kitunguu saumu. Vitunguu vikaangwe mpaka viwe kahawia ya kweli, msiogope, rangi ya pilau inatoka hapo. Nyama ichemshwe na tangawizi kwanza, supu yake isimwagwe.

Mama Happy 20:14
Sawa Bi Zuhura. Kwa hiyo utapika wewe?

Bi Zuhura 20:30
Nani mwenye sufuria ya kilo 6 za mchele? Ile ya bluu ilikwenda wapi?

Mama Neema 20:32
Ile ya bluu mara ya mwisho ilikuwa kwa Dulla.

Anko Dulla 20:50
Ujumbe wa sauti (3:41)

Baba Happy 20:58
Amesema nini?

Mangi 21:04
Sufuria anayo kaka yake Himo, mfuniko uko kwa mtu mwingine. Hajasema kama atakwenda kuifuata.

Mama Neema 21:10
Dulla, utakwenda?

Mama Neema 21:46
Michango: zimefika nyumba 6 kati ya 11. Sitaji majina. Bi Zuhura, Jumamosi nikufuate saa ngapi?

*ALHAMISI*

Mama Happy 08:20
Niko Mbuyuni. Mshare nimepata, mikungu miwili minene. Mzuzu hazijaiva, nichukue mbichi tuzifunike kwenye gunia au tuziache?

Mwalimu 08:31
Chukua.

Mama Neema 08:50
Bi Zuhura, nikufuate saa ngapi mama? Gari la shemeji litakuwepo mpaka saa tano tu.

Fundi Rama 11:18
Niko Weruweru. Nimepata dume mweusi, ameshiba kweli, anasema 190,000, hashuki. Hela niliyonayo ni 140,000. Mama Neema nitumie iliyobaki nimchukue?

Fundi Rama 11:27
Kuna mtu mwingine anamzunguka huyu mbuzi.

Fundi Rama 11:35
Jamani? Mwenye mbuzi anafungua kamba.