Tupeane uzoefu: namna ya kuisoma Kinjeketile bila kuichanganya na Vita vya Majimaji

Mleta uzi
Wakuu, kuna tatizo linajirudia. Mtu kasoma tamthiliya ya Ebrahim Hussein mwanzo mpaka mwisho. Ukimuuliza inahusu nini, anakusimulia Vita vya Majimaji. Ukimuuliza vita vilianzaje, anakusimulia tamthiliya! Uzi huu ni wa mbinu tu: hatua, vipimo, makosa na sababu zake. Habari za "enzi zetu shuleni" zina uzi wake.

Nafungua mimi. Anzeni na herufi moja. Mganga wa Ngarambe aliyeishi kweli ni Kinjikitile Ngwale. Wa jukwaani ni Kinjeketile. Mtunzi mwenyewe ameeleza kwenye utangulizi kwamba mhusika wake ni kazi ya ubunifu, si yule wa historia. Kwa hiyo ukiandika, "i" itumike kwa mtu na "e" kwa mhusika, bila kuchanganya. Kanuni hii ndogo inakulazimisha kila sentensi ujiulize unamzungumzia yupi.

Daftari Jeusi
Nakazia hapo. Hatua inayofuata ni daftari. Kila onyesho lipewe ukurasa wake, ugawe safu tatu: Jukwaani, 1905 (historia ya vita), 1969 (mwaka kitabu kilipotoka). Usomaji wa kwanza kalamu iwe mbali, na ikiwezekana msome kwa sauti watu watano au sita mkigawana wahusika, maana kitabu ni chembamba na kinaisha kwa kikao kimoja. Usomaji wa pili jaza safu ya kwanza peke yake: nani anaingia, anataka nini, nani anamzuia. Safu ya pili usiiguse mpaka ya kwanza iishe. Ukizijaza pamoja, historia itakuingiza vitu ambavyo kitabuni havimo, na hutajua vimeingia saa ngapi.

Pale safu mbili za mwanzo zinapopishana, weka duara. Mfano mzuri kuliko yote ni tarehe ya kifo. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza. Shambulio kubwa la boma la Mahenge lilikuwa tarehe 30 Agosti, yeye hayupo duniani. Jukwaani anaishi mpaka watu wake wanaanguka mbele ya bombomu (bunduki ya rasharasha ya Wajerumani), halafu anahojiwa gerezani. Mtunzi amemwongezea uhai. Kwa nini? Swali hilo linakupa insha nzima, maana shujaa aliyekufa kabla ya maangamizi hawezi kuulizwa chochote kuhusu maangamizi.

Mzee wa Pamba
Wanafunzi wengi wanaruka mazungumzo ya mwanzo ya Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile, wake wa Kitunda na Kinjeketile, wakidhani ni umbea wa wanawake kabla mambo hayajaanza. Mambo yameanza pale pale. Njaa wanayoizungumzia ina hesabu yake.

Kuanzia 1902, chini ya Gavana Götzen, Wajerumani walianzisha mashamba ya pamba ya kijumbe (ya pamoja, chini ya jumbe wa eneo) pwani na kusini. Kila mwanamume alipangiwa siku 28 za kazi kwa mwaka, nao majumbe, maakida na wanyapara ndio waliosimamia. Siku 28 kwenye karatasi zinaonekana chache, ila pamba inadai kupaliliwa wakati ule ule mtama na mpunga vinapodai, na shambani siku hizo hazikuishia 28. Malipo ya mwanzo yalikuwa madogo kiasi kwamba baadhi ya watu waliyakataa. Kodi ikabaki pale pale. Ukiyajua haya, Bwana Kinoo wa kwenye tamthiliya na kiboko chake anaacha kuwa "mzungu mbaya" tu. Anakuwa ncha ya mfumo ulioanzia ofisini.

Na vita havikuanzia Ngarambe. Vilianzia Nandete, milima ya Umatumbi, Julai 1905. Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche michache ya pamba, na kitendo hicho ndicho kilikuwa tangazo la vita. Kinjikitile alikuwa amewaambia watu waendelee kulima na kubeba mizigo ya Mjerumani mpaka atakapotoa neno. Wamatumbi wakachoka kungoja.

Mleta uzi
Hapo tamthiliya na historia zinakutana, mkuu. Wapiganaji wa jukwaani nao wanachoka kungoja.

Mzee wa Pamba
Ndiyo. Na usiwalaumu haraka. Mtu akishapewa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, umwambie asubiri nini?

Bint Rufiji
Mimi naongezea neno moja linaloharibu insha nyingi: Hongo. Kwa Kiswahili cha leo hongo ni rushwa, na wapo wanaoandika kwamba Kinjeketile "alipewa hongo". Hongo ni pepo wa majini aliyemchukua mtoni. Halafu kwenye historia kuna mtego wa pili: wajumbe waliosambaza dawa nao waliitwa hongo. Soma sentensi mpaka mwisho kabla hujaamua.

Habari zilisafiri kwa mnong'ono wa siri, Wamatumbi wakiuita njwiywila. Mazoezi ya kivita yakaitwa likinda. Ukikutana na onyesho la Kitunda, kiongozi wa wapiganaji, akiwafunza watu, hilo neno la pili ndilo la kuweka safu ya 1905.

Safu ya Tatu
Mmeisahau 1969, na ndiyo inayobeba kila kitu. Kitabu kimetoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na mwaka mmoja baada ya wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenda kusini 1968 kukusanya masimulizi ya wazee. Hussein hakubuni kutoka hewani.

Chukueni habari ya Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Masimulizi ya wazee yana maneno kwamba Kinjikitile aliwatuliza watu kwa kuwaambia Seyyid Said anawahurumia watoto wake weusi. Kwa msikilizaji wa 1904 hilo lilikuwa jina la enzi kabla ya Mjerumani, ingawa Seyyid Said alikufa 1856. Sasa tazama alichofanya mtunzi. Mhusika akiwa amepandwa na pepo anatamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akili ikimrudia anashtuka: tunatolewa kwa bwana huyu tukakabidhiwe kwa bwana yule? Msikilizaji wa 1969 ameona Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yakiuondoa usultani. Hahitaji kuelezwa.

Kwenye masimulizi maneno yale yanafariji. Kwenye tamthiliya maneno yale yale yanambomoa Kinjeketile. Ukiweza kuonyesha mgeuko huo kwa aya moja, mtahini ataweka kalamu chini.

Mchambuzi Mkaidi
Kwa wanaoandika kuhusu tanzia (tamthiliya ya huzuni, shujaa anapoangamia): acheni kusema kosa la shujaa ni "kuamini ushirikina". Ukisema hivyo umeifunga tamthiliya kabla hujaifungua. Dawa ya maji, pamoja na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama zilizochanganywa humo, iliwaunganisha Wamatumbi, Warufiji, Wangindo na wengine ambao mwanzoni wa tamthiliya wanashukiana kuwa wapelelezi. Kilichowapa umoja ndicho kilichowaua. Hapo ndipo tanzia ilipo, maana huwezi kutoa kimoja ukabaki na kingine.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa insha ya kurasa nne: ukurasa mmoja kuhusu umoja, mmoja na nusu kuhusu shaka inayomshika wakati neno lake limeshamponyoka na kuwa na nguvu kuliko yeye, na uliobaki wote ni gereza. Wengi wanatumia kurasa tatu kusimulia matukio, gereza wanalipa mistari minne. Wanaishiwa muda mahali penye alama.

Safu ya Tatu
Sikubaliani sana. Kosa lipo, nalo ni kunyamaza. Ameshaanza kutilia shaka, na hakuwaambia watu mapema.

Mchambuzi Mkaidi
Angewaambia wangemsikia? Bishaneni hivyo hivyo kwenye insha, inapendeza kuliko kukubaliana.

Fundi wa Jukwaa
Kwa wanaotaka kuiigiza, watu 12 hadi 15 wanatosha wakirudia nafasi. Anayecheza Mnyapara acheze na Askari pia, inaleta maana yake yenyewe.

Maji: kibuyu kiwe kikavu. Vikundi vingi vinamwaga maji kweli, sakafu ya mbao inateleza, na onyesho linalofuata ni la watu wanaokimbia. Mwigizaji akiinyanyua kibuyu kwa uzito na kunyunyiza polepole, watazamaji watayaona maji.

Mavazi yawe kaniki, na bua la mtama kichwani kwa wapiganaji, maana ndivyo walivyojitambulisha. Kanga yenye methali ya herufi za Kirumi ni ya baadaye, iacheni nyumbani.

Bombomu isionyeshwe. Kanda ya milio ya risasi huwa inawachekesha watazamaji. Tumieni ngoma: ipigwe kwa kasi watu wakielekea bomani, ikatike ghafla, ukimya ukae kama sekunde kumi. Zitaonekana nyingi mno kwenye mazoezi. Msizipunguze.

Bint Rufiji
Na takwimu za vifo, tafadhali. Hesabu ya Wajerumani ni 75,000. Wanahistoria waliofuata, Gwassa akiwamo, wamefika 250,000 hadi 300,000. Taja zote mbili na useme ni za nani. Wengi walikufa kwa njaa, kwa sababu majeshi yalichoma mashamba na maghala mpaka 1907. Songea Mbano na wenzake walionyongwa Songea mwaka 1906 ni sura ya Wangoni, si ya tamthiliya hii. Anayekwenda Makumbusho ya Majimaji Songea aende, ila asirudi kuandika kwamba Kinjeketile alinyongwa pale.

Fundi wa Jukwaa
Nimalizie gereza. Anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa, ingawa yeye mwenyewe ameshaacha kuyaamini. Anajua kwamba akikana, wajukuu wataambiwa kupigania haki kulikuwa kosa. Waigizaji hupenda kuyapigia kelele maneno hayo kama wako kwenye mkutano wa hadhara. Mtu ameshapigwa, amechoka, anazungumza na Kitunda aliye karibu naye kabisa. Mwigizaji akae chini, aseme kwa sauti inayofika safu ya kumi tu. Walioko nyuma watainama mbele wenyewe.