Dalia za Lushoto zinanikataa hapa Tanga mjini, nifanyeje?

Mama Chumbageni
Salaam wapenzi wa bustani. Mwezi wa tatu nilikwenda Lushoto msibani, nikakuta kwa wifi yangu maua yamepangana ukutani, mengine manjano, mengine damu ya mzee, ua moja linajaza sahani ya chai. Akaniambia ni dalia. (Najua mtanicheka, dalia tunayoijua sisi ni ile ya kujipaka harusini.) Akanichimbulia fungu zima la viazi vyake, nikarudi navyo kwenye kiroba.

Nilivitenganisha kimoja kimoja kama viazi vitamu, vikawa kumi na viwili. Nikavifukia chini ya mwembe, samadi ya mbuzi ndoo mbili, maji asubuhi na jioni. Masika nayo ikaingia. Leo ni mwezi wa sita, vimeota viwili tu. Hivyo viwili vimenifika kifuani, majani tele, tumba hata moja hakuna, na kimoja kimeshalazwa na kusi. Nimefukua vingine vitatu, viwili vimekuwa uji vinanuka. Nimekosea wapi?

Jirani wa Makorora
Mimi nimefungua uzi nikidhani kuna harusi 😂 Pole shoga, naweka kambi hapa nami nijifunze.

Mshambaa Mjini
Pole dada. Wifi yako angekukatia fungu kwa kisu badala ya kukuachia uvunje mwenyewe. Kiazi mviringo kina macho mwili mzima, lakini dalia jicho lake liko shingoni, pale kiazi kinaposhikana na shina la zamani. Kikivunjika shingo, au kikitoka bila kipande cha hilo shina, kinaweza kukaa ardhini miezi kikiwa kigumu na kisiote kamwe. Kwetu tunagawa fungu kila kiazi kiondoke na kipande chake cha shina, tunaacha kidonda kikauke siku moja mbili ndipo tunapanda.

La pili ni maji. Kiazi kisichochipua hakina mizizi ya kunywea. Kilaze kwenye udongo wenye unyevu kidogo, kina cha sentimita 10 hadi 15, jicho juu, kisha kiache. Maji ya kweli yaanze ukishaona kichwa kimetokeza.

Mama Chumbageni
Kumbe! Mimi nimemwagilia mpaka watoto wakadhani nimepanda mchicha. Na hivyo viwili virefu?

Mzee wa Mkonge
Hivyo vinatafuta jua, binti yangu. Chini ya mwembe dalia inarefuka tu. Na samadi ndoo mbili kwa viazi kumi na viwili ni karamu ya majani, maua hayaji. Ua hilo linataka jua la muda wa saa sita kila siku. Kwa joto letu mpe jua la asubuhi, upande wa mashariki wa nyumba, mchana apate kivuli cha ukuta.

Uving'oe? Hapana. Kata ncha za matawi, urefu wa kidole, chini kidogo ya pale majani yanapotokea. Ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga mbichi kivulini. Wiki mbili tatu zinatoa mizizi, unahamishia juani kwenye tuta lililoinuka, lenye mchanga na mboji, nafasi nusu mita au zaidi. Shina lililobaki nalo litatoa matawi ya pembeni. Miche mipya ikifika jozi nne za majani, uifinye ncha isirefuke kama hiyo. Mti wa kuegemea uchomeke siku ileile ya kupanda, ukichelewa utatoboa viazi. Funga kwa katani, legeza fundo, shina linanenepa.

Tena katani yenyewe asili yake Meksiko kama hiyo dalia. Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliuleta mkonge Tanga mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 aliyoagiza, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Ila mkonge ulitoka Yucatan, hukohuko Meksiko, kwenye joto na ukavu, na dalia ni ya milimani, usiku wake wa baridi. Ndiyo maana mmoja umejaa Muheza na Korogwe, na mwenzake ukamkuta Lushoto. Hapa mjini msimu wake ni huu wa kipupwe. Miche ya sasa itachanua kabla kaskazi haijarudi na lile joto lake.

Bi Vilua
Yote hayo kwa ua lisilonukia? Mimi vilua vyangu na asumini sivifungi kamba wala sivipimi jua, na jioni uani hapakaliki kwa harufu. Ila haya, kila mtu na chake. Angalia konokono tu, hasa wale wakubwa. Chipukizi la dalia wanalila usiku mmoja likaisha. Toka na tochi uwaokote.

Mama Chumbageni
Ahsanteni sana, na Bi Vilua nitakuja kuomba kichipukizi. Nimekata ncha tano, ziko kwenye beseni la mchanga nyuma ya jiko. Na kile kiazi cha tatu nilichofukua bado kigumu. Nimekimulika kwa tochi ya simu, shingoni kuna kitu kama chunusi nyekundu. Mshambaa, ndilo jicho hilo?

Mshambaa Mjini
Ndilo. Kirudishe ardhini, na ndoo ya maji uifiche.